Gesi Hafifu

4 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko juu uliko. Hujambo? Baridi ya huko inakuacha ulale, au bado unalala na soksi kama ulivyokuwa mtoto? Sisi kwa mdomo hatujambo, lakini ukweli hatupo sawa, ndiyo maana nimeweka sindano chini nikashika kalamu.

Usinilaumu kwamba sikupigi simu. Mnara wenu umekufa, na hata ungekuwa hai, masikio yangu unayajua. Miaka ishirini na sita kando ya mashine ya kuchambua pamba imeniachia nyigu wawili, mmoja kila upande. Mtu akipiga nasikia wa-wa-wa, namjibu ahsante. Juzi nimejibu ahsante, kumbe natangaziwa msiba. Basi acha nikuandikie, na dereva wa gari la dawa atakuletea.

Ni shemeji yako. Pumzi haimtoshi. Fundi magodoro mzima, mtu aliyekuwa akibeba godoro la watu wawili kichwani huku anapiga mluzi, sasa anapanda ngazi tatu za karakana anaketi kwenye ya pili. Mimi nikimwangalia ananiambia, "Unatazama nini? Kazi yangu ni kuwalaza watu, na mimi ni mtu." Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinaniondolea usingizi.

Nilimpeleka hospitali. Tulikaa kwenye benchi tangu saa moja hadi saa saba. Daktari alimsikiliza mgongo, akatazama picha ya kifua, akaniambia mambo mengi, nami nikawa naona midomo inatembea tu. Nikamwomba, mwanangu, niandikie. Alikuwa ameshika mlango kwa mkono mmoja. Akaandika maneno matatu kwenye kikaratasi: "Kubadilishana gesi hafifu." Akaenda zake. Maneno matatu, mdogo wangu! Hata fundi wa redio anaeleza zaidi ya hapo.

Nyumbani wifi yangu alisoma kile kikaratasi akapiga makofi. "Si nilisema!" Unamjua, yeye kila kitu alisema. Lakini safari hii nimemkubalia, na nimetii agizo la daktari. Gesi tumeiacha kabisa tangu siku ileile. Shemeji yako mwenyewe sikutaka kumtisha, nimemwambia ni uchovu.

Wewe ni muuguzi, umesomea haya. Niandikie mimi, kwa lugha yangu, hiyo gesi inatoka wapi, inafikaje kwenye damu ya mtu. Namwomba Mungu kila alfajiri, lakini nataka kujua naomba nini.

Dada yako

*

8 Juni

Dada yangu,

Sijambo, na soksi nalala nazo. Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu kiti cha zahanati kimekaliwa na mgonjwa.

Huyo daktari angekuwa karibu ningemrudishia kikaratasi chake achokolee meno. Na wewe nawe, eti gesi tumeiacha! Nimecheka peke yangu mpaka mkunga akaniuliza kulikoni. Dada, gesi ya tumboni haihusiki hapa. Maharage hayana kosa lolote. Kabeji haina kosa. Mpikie mume wako maharage ashibe, apate nguvu.

Sasa sikiliza. Wewe unadhani pafu ni mfuko mtupu, kama puto. Siyo. Pafu ni kama sufi mliyojaza godoroni. Ukilibana linashuka, ukiliachia linajaa hewa, na ndani yake kuna vishimo vidogo visivyohesabika, vifuko vya hewa, mamilioni. Kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba kuliko uzi wowote uliowahi kutunga. Kati ya hewa na damu kuna ukuta mmoja mwembamba mno. Kitambaa chako chepesi kuliko vyote, mbele ya huo ukuta ni turubai.

Damu inafika hapo imechoka, imebeba hewa chafu ya mwilini. Hewa chafu inavuka kwenda kwenye kifuko, tunaitoa nje. Oksijeni, ile hewa safi, inavuka kuja kwenye damu. Hakuna anayeisukuma. Inatoka ilikojaa kwenda ilikopungua, basi. Na yote hayo yanakwisha kwa muda mfupi kuliko kusema "amina". Huko ndiko kubadilishana gesi. Aliyeandika "hafifu" alimaanisha mabadilishano yenyewe ni dhaifu, kwa sababu vumbi la pamba la miaka yote hiyo limeunenepesha ule ukuta. Hewa inaingia kifuani vizuri, ila haivuki vizuri.

Nimempa dereva kipimo kidogo cha kubana kidoleni. Kinaonyesha damu imebeba oksijeni kiasi gani. Ikiwa tisini na mbili kwenda juu, tulieni. Ikishuka chini ya themanini na nane, mbio hospitali. Na msimu huu wa baridi chumba chake kiwe na joto, asipigwe na upepo.

Wasalimie wote, hata huyo wa "nilisema".

Mdogo wako

*

12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu, na Mungu akulipe kwa kipimo na kwa somo. Nimelisoma mara tatu. Habari ya sufi nimeielewa, ya ukuta nimeielewa, ya "amina" imenifanya nilie kidogo, kwamba Mwenyezi Mungu ananifanyia kazi hiyo yote nami nimeshughulika na vifungo vya foronya.

Chumba tumekipasha joto kama ulivyosema. Nimeziba hata upenyo wa chini ya mlango kwa matambara.

Lakini kuna kitu sikielewi na kinaniudhi. Kipimo kinasema tisini na saba. Jana jioni tisini na nane. Nilidhani nimekibana vibaya, nikajipima mwenyewe, tisini na nane. Wifi naye vivyo hivyo. Kwa kipimo chako nyumba nzima tuna afya ya wanajeshi. Ila mume wangu anazidi kuzama. Kichwa kinamuuma kama kinapasuliwa, anatapika, miguu haina nguvu. Jana aliniita kwa jina la marehemu mama yake, akaniuliza kama mbuzi wamerudi. Mbuzi gani? Tumeishi nyumba ya kupanga maisha yetu yote!

Nami kichwa kinanigonga. Leo nikiinuka kwenye sala, ukuta ulizunguka, nikamshika wifi bega, naye alikuwa anatafuta wa kumshika. Anasema tumerogwa. Nimemwambia nyumba yangu inaombewa, akanijibu, "Basi ombeni kwa sauti, maana hamsikiki."

Kitu kingine cha ajabu. Mchana tukimtoa uani kuota jua, baada ya saa mbili tu anapata nafuu. Anaomba chai, anamtania wifi. Tukimrudisha chumbani, anaanza upya. Ni kama kitanda chake chenyewe kinamchukia.

Nimtazame mtu au nitazame namba? Nieleze.

Dada yako

*

15 Juni

Dada,

Nakuandikia haraka, dereva amewasha gari. Leo nimeona wagonjwa sitini na mbili na mkunga amekwenda likizo.

Tisini na nane ni namba nzuri. Mimi hapa nina tisini na sita, na nafanya kazi. Mtu mwenye tisini na nane damu yake imejaa oksijeni, hakuna mjadala. Kipimo hakina shemeji wala wifi, hakimpendelei mtu.

Umesema mwenyewe kwamba akitolewa nje akapewa chai na kuzungukwa na watu anachangamka. Dada, tusidanganyane. Shemeji anadeka. Amezoea kusifiwa nguvu zake, sasa zimepungua, anataka kubembelezwa. Mwambie atembee hatua ishirini kila asubuhi. Kichwa kinachokuuma wewe ni kukosa usingizi kwa kumhangaikia.

Na anakula? Yale maharage mmempikia?

Mdogo wako

*

18 Juni

Kwako wewe muuguzi,

Leo sikuulizi hali. Nimekasirika, na nimemwomba Mungu anitoe hasira kwanza, hakunitoa, kwa hiyo naandika nayo.

Anadeka? Mtu ambaye asubuhi hii nilimtembeza hatua zako ishirini, ya saba akaanguka kama gunia, akajikojolea, kisha akaniomba msamaha kwa kunichafulia sakafu? Miaka ishirini na sita nimelala naye kitanda kimoja. Najua akidanganya, najua akideka, najua hata akijifanya amelala ili nikazime taa mimi. Huyu hadeki. Wewe umeona namba, mimi nimemwona yeye.

Kila ulichosema nimekifanya. Ulisema maharage, haya, yanachemka hapa miguuni pangu tangu asubuhi. Ulisema joto, jiko liko humu humu chumbani mchana na usiku, na mkaa nauchagua mzuri, ukishika hauna hata chembe ya moshi wa kumkohoza. Daktari alisema gesi yetu hafifu, tumeitoa nyumbani siku ileile. Wifi alikuwa sahihi, ule mtungi tulikuwa tukiwasha tunasikia harufu, na tangu zamani alikuwa akinishauri nibadilishe gesi, nichukue ya kampuni nyingine. Sasa sibadilishi, nimeuuza mtungi na jiko lake. Nimefanya yote! Nini tena hamjaniagiza, wewe na huyo daktari?

Unieleze au useme hujui. Kusema hujui si dhambi.

Dada yako

*

19 Juni, saa nne asubuhi

Dada,

ZIMA MKAA. Acha kusoma hapa, toa jiko nje, toa watu wote nje, fungua kila dirisha, kisha rudi usome.

Nimemwamuru dereva asipitie kituo kingine chochote. Nimemwambia kwa mdomo la kufanya, na asipokukuta asikuachie barua mlangoni, avunje kitasa.

Shemeji aende hospitali saa hii, kwa gari hilo hilo. Mkifika mwambieni daktari kwa maandishi, nimekuandikia hapa, mwonyeshe: "Mgonjwa amelala na jiko la mkaa chumbani zaidi ya wiki moja. Apewe oksijeni tupu kwa barakoa. Msiamini kipimo cha kidole." Wewe na wifi nanyi mpimwe.

Mkaa ulioshika bila moshi ndio unaoua kimya kimya. Unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi. Nayo inavuka ule ukuta wa pafu kama oksijeni, haizuiliwi na mtu. Ndani ya damu kuna viti vya kubebea oksijeni. Hii ikikaa kwenye kiti hainyanyuki, imeking'ang'ania zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Oksijeni inafika, inakuta viti vimejaa, inarudi. Hewa ya nje ndiyo inayoiondoa taratibu, ndiyo maana akiwa uani anapata nafuu.

Gesi ya kupikia haikuwa na habari na ugonjwa huu. Daktari hakusema mtungi. Wala mimi sikuelewa ulichoacha.

Nenda. Nenda!

*

27 Juni

Dada yangu,

Magari ya dawa mawili yamepita bila barua yako. Dereva anasema alimshusha shemeji hospitali akiwa anapumua, wewe ukiwa umemshika kichwa, wifi akitapika dirishani. Zaidi ya hapo hajui, alitakiwa kurudisha gari. Nimepanda kilima mara nne na simu mkononi kama mwendawazimu. Mnara umelala.

Kwa kuwa nakaa na kungoja, acha nikueleze lile la kipimo, maana hukuwa mjinga wewe, nilikuwa mimi. Kile kidude kinamulika kidole na kutazama wekundu wa damu. Damu iliyobeba oksijeni ni nyekundu. Iliyobeba ile gesi ya mkaa nayo ni nyekundu. Kipimo hakijui nani amekaa kwenye kiti, kinaona tu kwamba kiti kina mtu, kinaandika tisini na nane. Nilifundishwa hilo. Niliandika kwenye daftari nikapigia mstari. Mtu angeniuliza kwenye mtihani leo ningejibu bila kufikiri. Dada yangu mwenyewe aliniuliza, nami nikamwambia mume wake anadeka.

Kichwa kinauma nyumba nzima, wote wana kizunguzungu, wanapona wakitoka nje. Ulinipa kila kitu, ilibaki kunitajia jina tu.

Nakuomba kitu kimoja. Akiwa hai, na Mungu ajalie awe hai, usimwambie kwamba nilisema vile. Tena usimwambie habari ya mkaa. Mwache aamini ulikuwa ugonjwa na umepungua. Atakuona wewe kama uliyemtia sumu, na mimi kama niliyekushikia kijiko. Zichome barua zangu.

Nijulishe, hata kwa neno moja.

Mdogo wako

*

30 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Amani ya Mungu iwe nawe. Unaendeleaje? Umekula? Najua umekonda kwa kungoja, unisamehe. Nilikuwa nalala chini ya benchi la hospitali na sikuwa na karatasi, na kila niliyemwomba kalamu aliniuliza nataka kuandika nini, nami sikujua nianzie wapi.

Yu hai. Daktari yuleyule alisoma maneno yako, akaniangalia, akasoma tena, kisha nikaona mtu anakimbia kwa mara ya kwanza katika hospitali ile. Walimfunika uso kwa barakoa siku mbili. Siku ya pili aliamka akauliza kwa nini mto ni mgumu hivi, nani ameujaza, fundi gani huyu. Nikajua amerudi. Mimi na wifi tulipewa ya saa chache, na wifi alitangaza wodi nzima kwamba yeye alisema tangu mwanzo hali si nzuri.

Daktari aliniomba radhi. Aliniandikia ukurasa mzima safari hii. Nimeuhifadhi, ingawa mwandiko wake ni wa kuku.

Tuko nyumbani. Mkaa unawaka uani, chini ya paa dogo, mbali na mlango. Kichwa hakimuumi tena, mbuzi wamepotea. Lakini pumzi ni ileile ya kabla ya haya yote, ngazi ya pili anaketi. Kipimo sasa kinasema tisini, mara themanini na tisa. Imenichukua muda kukubali kwamba hiyo ndiyo hali yake.

Sasa ombi lako. Umechelewa, mdogo wangu. Barua zako nilikuwa nazisukuma ndani ya foronya yake, upande wa zipu, nikiona hapo hakuna atakayepekua. Akili gani hiyo, kumfichia fundi magodoro kitu ndani ya mto! Mtu anayelala akipapasa mshono, anayejua kwa sikio kama sufi imechanganywa na takataka. Alisikia karatasi usiku wa kwanza. Alizisoma zote, kila ilipofika, hata alipokuwa anaumwa kichwa hicho. Ya "anadeka" aliisoma. Ndiyo maana asubuhi ile alikubali zile hatua ishirini bila kubishana. Alitaka kukuonyesha.

Na ya mkaa ameisoma tulipotoka hospitali. Siku mbili alinigeuzia mgongo. Nilipika, nikaweka, nikaondoa. Nilisali mpaka magoti yakavimba, nikingoja aniambie nirudi kwetu. Jana alasiri akaniita. Nikapiga magoti nikaanza kuomba radhi, akanishika mdomo kwa kiganja. Nakuandikia alivyosema, maana aliyasema polepole, akinitazama usoni ili nisome midomo:

"Nyinyi wawili mmeandikiana mwezi mzima kuhusu kifua changu. Mmechora ukuta, mmechora viti. Hakuna aliyeniuliza kifua kinasemaje. Jiko ningelitoa mwenyewe siku ya kwanza. Pale karakana tuliwahi kumtoa mtu kwenye chumba chenye mkaa, lakini mimi niliambiwa joto limeagizwa na mtaalamu, nikanyamaza. Nami nilinyamaza kwa kosa. Basi yaishe."

Kisha akasema, "Muulize shemeji yangu. Huo ukuta ukishanenepa, unarudi kuwa mwembamba? Na kama haurudi, mtu anaishi nao muda gani? Hilo ameliruka kila barua."

Nikarudi kuzitazama. Kweli umeliruka. Nami sikukuuliza, kwa sababu nilikuwa naogopa jibu kuliko nilivyoogopa ule mtungi.

Hasira zangu kwako zimekwisha, zako juu yako mwenyewe zimalize huko huko, tuna kazi ya kufanya. Barua ijayo usiniandikie mimi. Weka jina lake juu ya bahasha, anza na salamu zake, mwambie ukweli wote kama unavyomwambia mwanamume mzima, mazuri na mabaya. Mimi nitaisoma akinipa ruhusa.

Dereva anarudi Ijumaa, na shemeji yako tangu asubuhi ameshaniuliza mara mbili kama gari hilo haliji siku nyingine mapema zaidi. Tafadhali mjibu upesi.

Dada yako akupendaye